Singeli Haisubiri Bluetooth

Mliotazama seti ya Jumamosi mnaijua dakika ninayoisema. Amapiano ya mwisho inaelekea ukingoni, emsii ameshashika maiki, umati unajua kinachokuja, DJ anapandisha fada ya singeli, na midundo miwili inagombania mlango mmoja. Akashusha fada. Akasikiliza tena, akapandisha tena, ikagongana vilevile. Mwishowe akaikata amapiano ghafla, pakawa kimya, kisha singeli ikaanza peke yake mbele ya watu waliokwisha kuacha kucheza.

Lawama zote zimeelekezwa kwenye mikono yake. Mikono yake haikuwa na kosa. Kosa liko kwenye kile kidude cheusi kilichochomekwa kwenye tundu la hedifoni la mikisa, yaani kisambazaji cha Bluetooth. DJ mzoefu aliamua kusikiliza kyu, yaani wimbo unaofuata kabla umati haujausikia, kwa hedifoni zisizo na waya, na kwa uamuzi huo mmoja mpito ule ulikuwa umeshaharibika kabla hajagusa fada. Sioni namna ya kuutetea.

Bluetooth ya kawaida, inayotumia kodeki ya SBC, haipeleki sauti moja kwa moja. Inaikata vipande, inavibana, inavirusha hewani, na upande wa pili hedifoni inaviweka akiba kidogo kabla ya kuvifungua, ili kipande kikipotea njiani usisikie pengo. Akiba hiyo inakula muda. Kwa hedifoni nyingi sauti hufika ikiwa imechelewa milisekunde 150 hadi 250. Nyumbani huligundui tatizo hilo, kwa sababu wimbo unaosikilizwa peke yake hauna cha kulinganishwa nacho, na ukitazama filamu simu yenyewe huichelewesha picha ili iende sawa na sauti. Kibandani hakuna kinachoweza kuwachelewesha watu walioko ukumbini.

Chukua milisekunde 200 uziweke kwenye seti ile. Amapiano yake ilikwenda kwa biti 112 kwa dakika, na singeli aliyoichagua kwa 224, mara mbili kamili. Uchaguzi huo ulikuwa wa akili, nampa haki yake. Biti moja ya 112 ina milisekunde 536, na ya 224 ina 268. DJ anaisikia amapiano kwenye monita ya kibandani kwa wakati wake, na singeli anaisikia kwenye hedifoni ikiwa nyuma kwa 200. Anaisukuma mpaka zote mbili zilingane masikioni mwake. Zikilingana kwake, wimbo wenyewe ndani ya mikisa umeshatangulia kwa milisekunde 200, yaani robo tatu ya biti ya singeli. Pandisha fada hapo, na ukumbi utapata kile ulichokipata.

Angalieni pia marudio, kwa sababu ndiyo yanayoondoa shaka. Alipokosea mara ya kwanza alirudi kwenye hedifoni zilezile kujisahihisha, zikamhakikishia kwamba yuko sawa, akarudia kosa kwa kipimo kilekile. Asiyejua kupatanisha biti hukosea huku na huko, mara mbele, mara nyuma. Yeye alikosea mahali pamoja mara mbili. Huo ni ushahidi dhidi ya chombo. Angezivua tu na kurekebisha kwa kusikiliza monita, angepona katika sekunde chache, lakini DJ aliyefundishwa vizuri huamini hedifoni zake, na hapo alikuwa anaamini shahidi wa uongo.

Mtauliza mbona saa nzima ya kwanza ilipita salama. Ilipita salama kwa sababu hakuwa anasikiliza kyu. Alikuwa kwenye kitufe cha sinki, kinachopatanisha biti chenyewe, na wasomaji wa muda mrefu wa safu hii wanajua ninavyokichukia. Kwa amapiano, gridi za programu hukaa sawa na mashine inafanya kazi yake. Singeli inakimbia kati ya biti 200 na 300, na programu nyingi hukisia kasi ndani ya mipaka iliyowekwa chini ya hapo, kwa hiyo wimbo wa 224 unaandikwa 112 na mstari wa gridi unaweza kuangukia biti isiyo yake. Hapo sinki inaishiwa, DJ anarudi kwenye sikio lake, na sikio lake siku hiyo lilikuwa limekopeshwa kwa redio inayochelewa. Muziki wa Manzese na Mburahati, uliotolewa kwenye mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala ukafika hadi kumbi za Ulaya, unamlazimisha DJ awe na sikio. Ndiyo maana ninaupenda, na ndiyo maana mpito ule umeniuma.

Zipo hoja za upande wa pili, na nimezisikia zote wiki hii. Ya kwanza ni kwamba angeweza kuchanganya masta na kyu ndani ya hedifoni, zote zikachelewa sawasawa. Kwa hesabu inawezekana. Kwa mkono haiwezekani kwa singeli, kwa sababu kila ukigusa gurudumu jibu linakuja biti nzima ikiwa karibu kuisha, na unasahihisha kitu ambacho kimeshapita. Tena itakubidi uzibe masikio yote mawili usiisikie monita, maana ukiisikia umerudi palepale.

Ya pili ni kwamba hedifoni zile zina uwezo wa kufuta kelele, na kibanda kilikuwa na kelele. Ni kweli kwamba kikombe kilichofungwa, bila msaada wa umeme, kinazuia sauti za juu vizuri zaidi kuliko besi, na mfumo wa kufuta kelele hufanya kazi hasa kwenye zile za chini. Lakini mfumo huo hustawi kwenye ngurumo isiyobadilika, kama ya injini ya ndege. Mbele ya spika za ukumbi, maikrofoni zake ndogo zinamwagiwa muziki unaopanda na kushuka. Zaidi ya hayo, DJ hufanya kazi kwa sikio moja ndani na moja nje. Ukikisogeza kikombe kimoja nyuma ya sikio, nusu ya ulichokilipia imeondoka.

Ya tatu ina uzito. AIAIAI ya Denmark, kwenye TMA-2 Studio Wireless+, haikutegemea Bluetooth peke yake, ikaongeza kisambazaji chake yenyewe kinachoshusha ucheleweshaji hadi milisekunde 16. Hiyo niko tayari kuijadili. Alizovaa yeye hazikuwa hizo, na kamera ilipomkaribia wote tuliona tundu la waya chini ya kikombe cha kushoto. Waya wa milimita 3.5 na adapta ya 6.3 vingeimaliza habari yote.

Kinachonisumbua ni kwamba kazi hii ya kupatanisha biti iligunduliwa na watu waliokuwa na vifaa duni mno. Francis Grasso, kwenye klabu ya Sanctuary jijini New York mnamo 1970, alipatanisha santuri mbili zilizopigwa na wapiga ngoma wa kweli, ambao kasi yao ilipanda na kushuka kadiri walivyochangamka, na alifanya hivyo kwa hedifoni yenye waya na vidole vyake. Grandmaster Flash, kijana wa Bronx aliyesomea umeme katika shule ya ufundi, hakuwa na mikisa yenye kyu, akajitengenezea swichi yake mwenyewe ili aisikie santuri ya pili kabla umati haujaisikia. Tafakarini hilo. Alishika chuma cha kulehemu ili asikie kwanza. Jeff Mills alirekodi Live at the Liquid Room mjini Tokyo mwaka 1995 akiwa na mashine tatu za santuri, na mtu anayetaka kujua maana ya kuliamini sikio aisikilize kazi ile mwanzo hadi mwisho. Leo tuna mikisa yenye kyu kwa kila njia, na tunaweka kati ya mikisa na sikio kifaa kinachotucheleweshea habari.

Basi hedifoni gani? Kwa kibanda, jibu langu halijabadilika, ni HD 25 ya Sennheiser, iliyotoka mwaka 1988. Inakaa juu ya sikio bila kulizunguka, inabana kwelikweli, na kikombe kimoja kinazunguka kwenda nyuma ili sikio libaki huru. Ina uzito wa gramu 140 hivi. Waya unachomoka, kikombe kinachomoka, mkanda unabadilishwa, na ukikanyaga kipande kimoja unanunua kipande hicho tu. Wanaolalamika kwamba inaumiza masikio wako sahihi, na mimi bado naichagua. Ila feki zake zimezagaa madukani, na feki unaitambua kwa besi iliyovimba na bei inayofurahisha kupita kiasi.

Studio ni kazi nyingine, na hapa watu huchanganya mambo. Mwimbaji anahitaji hedifoni zilizofungwa zinazolizunguka sikio, ili mlio wa kliki usivuje na kuingia kwenye maiki. MDR-7506 ya Sony, ya mwaka 1991, iliyorithi MDR-V6 ya 1985, imefanya kazi hiyo katika studio na vituo vya redio duniani kote kwa sababu inaanika kila kasoro, hasa zile s kali za mwimbaji. Nina kinyongo nayo cha zamani: waya wake hauchomoki, ukikatika unaitafuta pasi ya kulehemu, na ngozi ya mito yake hubanduka vipande vipande. DT 770 Pro ya Beyerdynamic ina mito ya kitambaa laini na huvalika saa nyingi. Hapo angalieni omu. Toleo la 250 linataka amplifaya ya maana, na kila mwaka nakutana na prodyuza kijana aliyelichomeka kwenye simu akasema limekufa. Achukue la 80, au la 32.

Uvaaji nao una hesabu yake. Besi ya kikombe kilichofungwa inategemea hewa iliyozibwa kati ya mto na ngozi. Mkono wa miwani, rasta nene au hijabu vikiacha upenyo, besi inavuja na mwimbaji anaomba aongezewe sauti, ambayo nayo inavuja hadi kwenye maiki. Mpangilie kwanza kichwani, kisha ndipo uguse kitufe. Na usifanye uamuzi wa mwisho wa besi ya wimbo ndani ya kikombe kilichofungwa. Hamia kwenye spika, au hedifoni zilizo wazi. Hapo ndipo nyimbo nyingi za siku hizi zinapoharibika, tangu wauzaji walipoanza kuuza hedifoni zenye besi iliyoongezwa kwa jina la msanii.

Kiwango cha sauti nacho kina mipaka inayojulikana. NIOSH ya Marekani inaweka desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinaukata muda huo nusu, kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15 tu. HD 25 inabana na kukuruhusu kusikiliza chini kidogo. Hedifoni iliyolegea inakulazimisha upandishe, na sikio likishaumia hakuna duka linalouza jingine.

Mwenye fedha ya jozi moja tu, anayerekodi mchana na kupiga usiku, ninampa ATH-M50x ya Audio-Technica: omu 38, vikombe vinavyozunguka nyuzi 90, na waya unaochomoka tangu 2014, baada ya M50 ya kwanza kututesa kwa waya usiotoka. Besi yake imetiwa chumvi kidogo, ajue hivyo anapochanganya. Lakini anayepanda jukwaani na singeli kila wiki anunue HD 25, anunue na waya wa pili, na kile kisambazaji akiache nyumbani karibu na televisheni.