Dodoma Ilishatupa Jibu

Barua ya Septemba 2018 ilikuwa kosa, na zaidi ya siasa, lilikuwa kosa la kiufundi. Mnaikumbuka. Rais Magufuli alisema kule Meatu kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ikaliandikia shirika la FHI 360 barua, ikilitaka lisimamishe matangazo ya uzazi wa mpango mpaka itakapoelezwa vingine. Kliniki hazikufungwa, na huo ndio utetezi pekee uliobaki.

Utetezi huo hausimami, kwa sababu kijiti cha uzazi wa mpango si kidonge. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto Bagamoyo anakuwa na mteja dakika chache: anapiga ganzi, anaingiza, anafunga bendeji, na wengi wanaifanya kazi hiyo vizuri. Kisha kijiti cha aina ya Implanon kinakaa mkononi miaka 3, cha Jadelle miaka 5. Miezi ya mwanzo siku zinavurugika, matone yanakuja bila mpangilio, na mwanamke wa Kaole au Mlingotini anabaki na maswali mazito: hii ni hedhi au istihadha? Nisali, nifunge? Mumewe mvuvi anarudi kutoka dago, anapapasa mkono, anauliza ni nini. Mwanamume huyo kliniki hafiki. Redio ilikuwa ikimfikia pwani, kambini, penye nyavu. Ukiizima, anayejibu ni jirani, na jirani atasema kijiti hutembea hadi moyoni.

Gharama ya ukimya tulishaipima wenyewe. Kuanzia 1993 Radio Tanzania ilirusha mchezo wa redio Twende na Wakati, na Dodoma ikaachwa makusudi bila mchezo huo hadi 1995 ili kulinganisha. Uzazi wa mpango ulipanda zaidi kulikosikilizwa. Watunzi wale waliijua kazi: badala ya kuhubiri, walimwacha Mkwaju, dereva wa lori, avune alichopanda. Matangazo yaliyozimwa 2018 hayakufikia ufundi ule, lakini dawa yake ilikuwa kuyaandika upya yakiwa hewani. Badala yake tukaigeuza nchi nzima kuwa Dodoma.

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake walioolewa wakitumia njia za kisasa. Ule wa 2022, asilimia 31. Barua moja haielezi yote hayo, ila haikusaidia chochote.

Na narudia la siku zote: kutoa kijiti. Kuingiza ni kwepesi. Kijiti kilichozama kinahitaji mkono uliozoea. Kila tangazo litaje tarehe ya kutoa, na liseme wazi kwamba mwenye kijiti anaweza kutolewa siku yoyote atakayo, hata mwezi wa pili.