Sanaa ya Kumtafuta Asiyekuwapo

Katika kazi zote za elimu iko moja ambayo aghalabu haipati wa kuisifu, nayo ni kazi ya kwenda mahali, kutafuta kwa bidii, kukosa, kisha kuandika kwa insafu kwamba umekosa. Mvuvi akiinua dema tupu husema leo hakuna riziki, akaenda zake; mwanachuoni hana ruhusa hiyo, kwani yampasa kujua kama samaki hawamo, au yeye ndiye hakutega vema.

Camille Parmesan, mzaliwa wa Texas, alianza aushi yake ya utafiti kwa taabu ya namna hii. Alishika kumbukumbu za watangulizi wake na vikaratasi vya makumbusho juu ya kipepeo mmoja wa magharibi ya Amerika, ambaye wataalamu humwita Euphydryas editha, akayafuatia maskani yake moja baada ya moja, tangu Meksiko hata Kanada, apate kujua kama kuongezeka kwa joto la dunia kunamhamisha. Kwa kuwa kipepeo haruki jua likifichwa na mawingu, hakutosheka kutazama hewani. Aliinama chini akatafuta mayai, viwavi na majani yaliyotafunwa. Na hapa ndipo ninapoustaajabia ufundi wake: palipolimwa au kujengwa hata malisho ya kiwavi yakatoweka, alipatoa katika hesabu, maana kukosekana kwa mdudu hapo ni ushahidi juu ya jembe la mwanadamu, si juu ya joto. Akabakiza pale ambapo jani lipo, ua lipo, na mwenyeji ndiye hayupo.

Makala yake ya mwaka 1996, katika jarida la Nature, ilibainisha kuwa kutoweka kwa kipepeo huyo upande wa Meksiko kulikuwa mara nne ya upande wa Kanada. Mwaka 2003, yeye na mwanauchumi Gary Yohe walikusanya habari za aina zaidi ya 1,700 za viumbe. Na pale mipaka ya makazi ilipopimika, waliona imesogea kuelekea ncha za dunia, kwa wastani kilomita 6.1 kila miaka 10.

Vyeo na sifa zilizofuata naziacha. Mwenyewe naye amehama: alipitia Uingereza, na baada ya Rais Emmanuel Macron kuwaita wataalamu wa tabianchi mwaka 2017, akahamia Moulis, Ufaransa, chini ya milima ya Pyrenees, nako ni kaskazini zaidi ya Texas.