Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Wizi wa Kitaaluma katika Insha za Wanafunzi Wetu

Utangulizi

Kila mwisho wa muhula meza za walimu wa Kiswahili katika vyuo vyetu vya Uganda hujaa insha na tasnifu. Makala haya yanakusudia kuhakiki jambo moja tunalolikuta humo mara kwa mara, nalo ni wizi wa kitaaluma, yaani kutumia maneno au mawazo ya mtu mwingine bila kumtaja. Kuhusu adhabu zake mengi yamekwisha kusemwa, na kila chuo kina kanuni zake. Sisi tunataka kutazama sura mahsusi za wizi huu katika idara ya Kiswahili, kwani hazifanani na zile za idara nyingine, na kwa hiyo hata dawa yake haiwezi kuwa ileile.

Hoja yetu kwa ufupi ni kwamba kutaja chanzo ni kusema kweli kuhusu aliyekuambia jambo. Mwanafunzi asiyesema kweli hiyo hujinyima kwanza yeye mwenyewe lugha aliyokuja kujifunza.

Wizi unaovuka lugha

Wanafunzi wetu wengi husoma marejeleo kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili. Hapo ndipo mlango unapofunguka. Mwanafunzi huchukua ukurasa mzima, akautafsiri sentensi kwa sentensi, kisha akaamini kwamba kazi ni yake kwa kuwa Kiswahili ni chake. Kitabu cha Ruth Finnegan kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, kilichotoka mwaka 1970, kinapatikana bure kwenye intaneti tangu 2012. Hiyo ni neema kwa maktaba zetu maskini. Hata hivyo, neema hiyo imegeuzwa kisima cha kuteka bila kuuliza mwenyewe.

Programu za kulinganisha maandishi, ambazo vyuo vingi sasa vinazitegemea, hutafuta hasa mfuatano wa maneno uliofanana. Maandishi yakishahamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, mfuatano huo huvunjika na mwizi hupita. Mwalimu, kwa upande wake, huyatambua kwa harufu. Akikuta kwamba fasihi simulizi "inacheza nafasi muhimu", au kwamba "mwisho wa siku" mhusika alijifunza, hujua kwamba sentensi hiyo haikuzaliwa katika Kiswahili. Mwanafunzi ameiba wazo na papo hapo ameharibu lugha.

Ieleweke kwamba kutafsiri si kosa. Mwenye kutafsiri maneno ya mtu na amtaje, aonyeshe ukurasa, na aongeze kuwa tafsiri ni yake mwenyewe. Maneno mawili tu, "tafsiri yetu", yanatosha kuitoa kazi kwenye wizi na kuiingiza kwenye taaluma.

Kubadili visawe

Wengine hunakili kutoka kitabu cha Kiswahili na kubadilisha maneno machache kwa visawe. Tuchukue sentensi yetu wenyewe hapo juu: mwanafunzi asiyesema kweli hujinyima kwanza yeye mwenyewe lugha aliyokuja kujifunza. Sasa tuone jinsi inavyoibwa:

"Mwanafunzi asiyenena ukweli hujikosesha mwanzo yeye binafsi lugha aliyokuja kuisoma."

Mwandishi huyu amefungua kamusi ya visawe tu. Mpangilio wa wazo, mdundo wa sentensi na hitimisho vyote ni vya mwenzake. Linganisha na hii:

"Mwandishi wa makala haya anaona kuwa kunakili kunamdhuru mwanafunzi kuliko mwalimu. Tunakubaliana naye kuhusu sarufi, kwani anayenakili haundi sentensi zake. Lakini hatuoni kama hoja hiyo inafaa kwa mwanafunzi anayekijua Kiswahili tangu utotoni."

Hapa chanzo kimetajwa, wazo limeelezwa upya, na mwanafunzi ameongeza neno lake, tena la kupinga. Hicho ndicho tunachokitafuta tunaposahihisha. Njia rahisi ya kufika huko ni kusoma, kufunga kitabu, kuandika ulichoelewa, kisha kukifungua tena ili kuhakiki usahihi na kuchukua namba ya ukurasa.

Kunukuu kitabu usichokiona

Sura ya tatu ni ya ujanja zaidi. Karibu kila insha kuhusu asili ya Kiswahili humtaja Malcolm Guthrie, aliyeainisha lugha za Kibantu mwaka 1948 na kuiweka lugha yetu katika kanda G, kundi la 40. Ukimuuliza mwanafunzi kitabu hicho kina rangi gani, hana jibu. Amemsoma Guthrie ndani ya kitabu cha mwandishi mwingine wa Kiswahili, akamruka yule aliyemsaidia, akajionyesha kama mtu aliyekwenda kwenye chanzo cha kwanza. Mwandishi wa kati akikosea mwaka, insha zote za darasa hukosea mwaka huohuo. Jina likiandikwa vibaya, nalo hurithiwa.

Kanuni ni nyepesi: taja ulichokishika mkononi. Andika "Guthrie (1948), kama anavyonukuliwa na fulani", na katika orodha ya marejeleo umweke huyo fulani. Hakuna aibu yoyote katika kukiri kwamba maktaba yako haina kitabu cha Guthrie.

Vivyo hivyo kwa kamusi. "Kwa mujibu wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu" ni maneno yasiyokamilika, kwa sababu kamusi hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, toleo la pili likaja 2004 na la tatu 2013. Mtu anayetaka kukuhakiki afungue lipi? Aidha, wapo wanaoandika "Shaaban (1951)" katika aya moja na "Robert (1951)" katika aya nyingine, wakikusudia mwandishi yuleyule wa Kusadikika. Chagua mtindo mmoja unaokubaliwa na idara yako na ushikamane nao hadi mwisho.

"Ni mali ya jamii"

Katika kozi za fasihi simulizi tunakutana na hoja kwamba methali, vitendawili na ngano havina mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kutajwa. Hoja hii ina ukweli nusu. Methali ni ya jamii, lakini aliyekueleza maana na matumizi yake ni mtu mwenye jina na mahali. Ngano ni ya jamii, lakini usimulizi uliourekodi ni wa fanani mmoja, siku moja, mbele ya hadhira fulani. Basi eleza nani alisimulia, wapi, lini na kwa lugha gani, baada ya kumwomba ridhaa ya kumtaja.

Suala la lugha ni zito zaidi kwetu tulio nje ya pwani. Waganda husema *Kamu kamu gwe muganda*, yaani kimoja kimoja ndio mganda. Mwanafunzi akiitafsiri na kuiingiza kwenye orodha ya "methali za Waswahili", amewanyang'anya Waganda chao na kuwapa Waswahili wasichokiomba, ambao tayari wana haba na haba yao. Laiti angeandika kwamba ni methali ya Kiganda na kuilinganisha na ya Kiswahili, angekuwa amefanya utafiti mdogo wa kweli.

Je, ni desturi ya kigeni?

Baadhi ya wanafunzi huona marejeleo kama sheria za Wazungu, yaani mabano, mikato na herufi za mlazo. Mitindo ya uandishi wake ndiyo, ilikuja na vyuo. Ila uaminifu wenyewe haukuja na mtu. Tazama takhmisa, ambapo mtunzi huchukua ubeti wa mishororo miwili wa mwenzake na kuuongezea mitatu yake, ukawa wa mishororo mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayohusishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, hubeba jina la Liyongo hadi leo. Aliyeongeza hakumficha aliyeanza.

Wanaleksikografia nao walifanya hivyo. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inatamka kwenye ukurasa wa jina kwamba msingi wake ni kamusi ya Madan, ambayo ilitoka 1903. Naye Mwalimu Nyerere, alipotafsiri Mabepari wa Venisi (1969), hakuna aliyeachwa gizani kwamba tamthilia ni ya Shakespeare. Heshima ya mtafsiri haikupungua hata chembe. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaja chanzo yumo katika safu ya watu wa heshima, na safu hiyo ni ya nyumbani.

Walimu nao

Haitakuwa haki kuwashukia wanafunzi peke yao. Wapo walimu wanaogawa notisi zisizo na jina la kitabu hata kimoja, kisha wakashangaa insha kukosa marejeleo. Wapo pia wanaouliza swali lilelile kila mwaka: "Fafanua dhana ya fasihi simulizi." Swali hilo limekwisha kujibiwa vitabuni, na mwanafunzi hana la kufanya ila kulinakili jibu. Muulize badala yake akusanye methali tano za kwao, aeleze nani alimpa, kisha azipime kwa uainishaji wa Mulokozi (1989). Hapo hawezi kuiba kwa urahisi, kwa kuwa nusu ya jibu iko kwa bibi yake.

Tangu mwishoni mwa 2022 zana za akili unde zinazotunga insha zimeongeza mzigo. Zana hizi huweza kubuni marejeleo yasiyokuwapo duniani, yakiwa na jina, mwaka na hata mchapishaji. Mwanafunzi anayeyapachika bila kuyatafuta hushuhudia asichokiona. Mwalimu na amwite, amwombe aeleze insha yake kwa mdomo kwa dakika kumi. Aliyeandika ataeleza.

Tunaomba pia makosa yapimwe kwa mizani. Kuna asiyejua namna ya kunukuu, huyo afundishwe. Kuna anayejua lakini anakiogopa Kiswahili chake, akaona bora sentensi nzuri ya mwingine kuliko mbovu yake. Huyo atiwe moyo na apewe nafasi ya kuandika rasimu. Na kuna anayedanganya kwa makusudi, ambaye kanuni za chuo zinamtosha. Kuwaadhibu wote watatu sawasawa ni kutohukumu kabisa.

Hitimisho

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watakaosimama mbele ya madarasa hayo ni hawahawa tunaowasahihisha leo. Huko hakutakuwa na ukurasa wa kunakili mtoto atakaponyoosha mkono na kuuliza kwa nini tunasema "kitabu changu" wala si "kitabu yangu". Mwalimu aliyezoea sentensi za kuazima atanyamaza, au atalibadilisha somo.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Tunawasihi wanafunzi waandike sentensi zao hata zikiwa na kasoro, kwani kasoro husahihishwa. Nao walimu wenzetu tunawaomba waanze muhula ujao kwa jambo dogo: kila notisi itakayogawiwa darasani iwe na majina ya vitabu ilikotoka, pamoja na kurasa zake.