Fundi wa Pembeni Asiyetajwa Kijiweni

Mtaje Mbwana Samatta kwenye kijiwe cha Narung'ombe, na bao lake la Wembley la Machi 2020 utasimuliwa upya, mpaka kipa wa Manchester City alivyoruka. Mtaje Junya Ito, utaulizwa anachezea wapi. Wajapani wenye jina huku ni wale wanaoonekana Ligi Kuu ya England, Mitoma wa Brighton na Endo wa Liverpool, na hata hao hupewa kisogo timu yetu ya Namungo ikiwa na mechi Uwanja wa Majaliwa.

Kumbe Ito na Samatta waliwahi kuvaa jezi moja! Ito alitua Genk mapema 2019 akitokea Kashiwa Reysol, na msimu huohuo wakatwaa ubingwa wa Ubelgiji, Mtanzania akiwa straika, Mjapani winga wa kulia.

Ito hana mbwembwe, na nadhani ndiyo sababu hatajwi. Anasimama amekanyaga chaki ya pembeni. Mpira ukimfikia, anausukuma mbele, mbali kuliko winga mwoga angethubutu, kwa sababu anaziamini mbio zake. Beki akimaliza kugeuka ameshaachwa hatua moja. Hiyo inamtosha. Harudi kumpiga beki chenga ya pili ili jukwaa lipige kelele. Anamwaga jalo hapohapo, mpira ukiwa bado unakimbia. Anayedhani ni rahisi ajaribu: mguu wa kuegemea unatua katikati ya mwendo kasi, kiuno kinazunguka, na mpira unatakiwa upite kati ya kipa na mabeki, pale kipa anapoogopa kutoka na beki anapoogopa kujifunga. Kuangalia nani yuko kwenye boksi alishamaliza zamani, kabla hata ya kupokea pasi.

Ufundi huo haukuiva mapema. Alipitia soka la Chuo Kikuu cha Kanagawa, akaanza kulipwa Ventforet Kofu mwaka 2015, katika umri ambao vijana wetu wengi huambiwa wameshachelewa.

Tarehe 14 Oktoba 2025, jijini Tokyo, Brazil ilikwenda mapumziko ikiongoza 2-0. Japani ikarudisha moja, Ito akaingia kutoka benchi. Krosi yake ikamkuta Nakamura: 2-2. Kona yake ikamkuta Ueda: 3-2. Timu ya wakubwa ya Japani haikuwahi kuishinda Brazil kabla ya siku hiyo.

Mashabiki huimba jina la mfungaji, na sitegemei waache. Jalo lile la Samatta pale Wembley lilipigwa na Anwar El Ghazi. Sijasikia mtoto akijiita El Ghazi mchangani. Basi nyie mnaopangwa pembeni, itafuteni mechi hiyo ya Brazil, mwangalieni Ito pale anapokuwa bado hana mpira.