Kimondo si Nyota: Juu ya Neno Tunalolikata kwa Wino Mwekundu

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisahihisha insha pamoja na mwalimu mwenzetu. Wanafunzi walikuwa wametakiwa waeleze usiku mmoja wa kijijini kwao. Mmoja wao aliandika kwamba kimondo kilipita juu ya migomba, kikazimika ng'ambo ya mlima. Mwenzetu akalikata neno kimondo kwa wino mwekundu, akaandika juu yake “nyota inayoanguka”, akisema kuwa hiyo ndiyo lugha ya fasihi. Nasi tulikubaliana naye. Leo twaona kwamba tulikosea, na kwa kuwa kosa hilo bado tunalikuta katika mazoezi na katika vifungu vya ufahamu, hatuna budi kulijadili mbele ya wasomaji wetu.

Tuanze na kitu chenyewe. Nyota ni jua lililo mbali. Jua letu ni nyota mojawapo, na kipenyo chake ni kama mara 109 ya kile cha dunia. Lau nyota moja ingetuangukia, asingebaki mwanafunzi wa kuandika insha wala mwalimu wa kuikata. Kile kinachochora mstari wa mwanga usiku ni kitu kidogo mno, ambacho mara nyingi hakizidi punje ya mchanga au kokoto. Huingia katika hewa ya dunia kwa mwendo wa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde. Kwa mwendo huo hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto kali, nacho huwaka na kwisha kikiwa bado mbali na ardhi kwa makumi ya kilomita. Kikiwa kikubwa, huenda sehemu yake ikasalimika, ikafika chini kama jiwe lenye gamba jembamba jeusi.

Sasa tulitazame neno letu. Katika kitabu cha Kiswahili cha Edward Steere, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, linaandikwa kimwondo, na maana yake ni kitu cha kurushia. Hutumiwa kwa mianga hii ya usiku kwa kuwa inasemekana malaika huirusha kuwapiga majini. Imani hiyo ina watu wake na vitabu vyake, na si kazi ya makala haya kuihukumu. Tunalotaka msomaji alione ni hili: neno lenyewe halitaji nyota. Lataja kitu kilichorushwa, chenye mwendo, kinachopita na kutoweka. Aliyelitumia kwa mara ya kwanza hakuwa na darubini, lakini alikuwa na macho, na macho yake yalimwambia kwamba kinachopita si sawa na kinachokaa. Maneno ya mwenzetu mwenye wino mwekundu yanaifuta tofauti hiyo.

Huenda msomaji akatupinga. Atasema: mbona twasema jua limekuchwa, ilhali jua halitoki mahali pake kwa ajili yetu, bali ni dunia inayozunguka? Mbona twasema nyota yenye mkia, ilhali kitu hicho si nyota? Hoja hii ina uzito, na hatutaki kuikwepa. Lugha si maabara. Mtunzi wa shairi akitaka nyota ianguke, na ianguke, maana ana shabaha yake. Lakini mwanafunzi wetu hakuwa akitunga fumbo. Alikuwa akieleza alichokiona, na lugha ilikwisha kumpa jina lake. Kumnyang'anya jina fupi na la hakika, na kumpa badala yake maneno mawili yasiyo ya kweli kwa sababu tu yanasikika matamu, si kumkuza kifasihi. Ni kumfundisha kwamba uzuri wa lugha ni kuyaacha macho yake mwenyewe nyumbani anapokuja shuleni.

Tabia hii ya msomi kuyadharau macho ya mwanakijiji haikuanza kwetu. Huko Ufaransa, mwaka 1768, wakulima wa Lucé waliona jiwe likishuka kutoka juu. Wataalamu wa Chuo cha Sayansi cha Paris, Lavoisier akiwa mmoja wao, walilichunguza, na mwaka 1772 wakatoa rai kwamba lilikuwa jiwe la kawaida lililopigwa na radi. Mawe hayatoki mbinguni, ndivyo walivyoamini. Mwaka 1794 Mjerumani Chladni aliandika kwamba vitu hivi hutoka nje ya dunia, na wengi walimkebehi. Kisha tarehe 26 Aprili 1803 mawe yapata 3,000 yalianguka L'Aigle, Ufaransa. Jean-Baptiste Biot alitumwa huko, akapita kijiji hadi kijiji akiwasikiliza wenyeji na kuyalinganisha maneno yao na mawe yaliyopatikana. Taarifa yake ndiyo iliyovunja ubishi. Maarifa mapya yalipatikana pale msomi alipokubali kuuliza, “Mliona nini?”

Hata hivyo, tusije tukafikiri kwamba kila linalosemwa baada ya kuonwa huwa kweli. Hapa kwetu Uganda tunao mfano ulio wazi. Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, mawe yalinyesha juu ya mji wa Mbale na viunga vyake. Mngurumo ulisikika, na mapaa ya majengo kadhaa yakatobolewa. Mvulana mmoja alipigwa kichwani na kipande cha gramu 3.6 kilichokuwa kimepunguzwa kasi na majani ya mgomba, asiumie. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Uholanzi walipita wakikusanya habari na mawe, na waliyoyaandika yalitegemea sana ushahidi wa watu waliokuwa mashambani na njiani. Watu hao waliona sawasawa.

Lakini ulikuwa wakati ambapo UKIMWI ulikuwa ukimaliza jamaa zetu, wala tiba haikuwapo. Wapo waliosaga mawe hayo wakayafanya dawa, wakiamini Mungu ameyateremsha ili kuwaponya. Hatuwacheki. Anayemuuguza ndugu asiye na tumaini hushika chochote kishukacho. Ila twasema kwamba hapo ndipo mwalimu alipohitajika: si wa kuwaambia kuwa hawakuona kitu, bali wa kuwaambia kuwa walichokiona ni jiwe, aina ya jiwe lililojaa madini ya kawaida na chembe za chuma, na kwamba jiwe haliponyi. Kusema hivyo kwataka maneno yanayotofautisha mwanga na jiwe, alama na kitu. Mtu aliyefundishwa kwamba nyota imeanguka uani kwake atashindwaje kuidhania muujiza?

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Mwanga unaopita usiku na uitwe kimondo. Kilichofika ardhini na kiitwe jiwe la kimondo. Kile ambacho bado kinazunguka huko juu na kiitwe mwamba wa angani. Twajua kwamba matumizi hayatatii mara moja. Huko Mbozi, kusini magharibi ya Tanzania, kipo kipande cha chuma na nikeli chenye uzito wa kama tani 16 na urefu wa karibu mita 3, na watu hukiita Kimondo, basi. Hatutaki kwenda kuwasahihisha. Jina lao ni la haki, maana linasema kilikotoka. Lakini darasani, ambapo mambo matatu yanafundishwa katika kipindi kimoja, majina matatu yana faida.

Aidha, twawaomba walimu wenzetu wavitazame upya vifungu vya ufahamu wanavyovitunga, na kabla ya kulikata neno katika insha ya mtoto wajiulize: je, neno hili lina kosa, au ni sisi tusiolizoea? Kamusi iwe mkononi, na mwanafunzi aulizwe alipolisikia. Mara nyingi atajibu kwamba kwa bibi yake, na jibu hilo lastahili kuandikwa ubaoni.

Yule mwanafunzi wetu hatujui aliko sasa. Alama mbili tulizompunguzia hatuwezi kumrudishia. Neno lake lilikuwa sahihi, nasi twaliandika hapa ili walio nyuma yake wasikatwe kama yeye.