Sinagogi la Regensburg katika Picha za Altdorfer

Mnamo Februari 1519, muda mfupi baada ya kufariki Kaisari Maximilian wa Kwanza, baraza la mji wa Regensburg, Ujerumani, liliamua kuwafukuza Wayahudi na kubomoa sinagogi lao. Albrecht Altdorfer, mchoraji mashuhuri, alikuwa mjumbe wa baraza hilo, na miongoni mwa waliotumwa kuwapelekea Wayahudi habari hiyo. Mtu huyohuyo alichora na kuchapisha picha mbili za jengo hilo.

Picha ya kwanza yaonyesha ndani. Nguzo zimepangwa mstari mmoja katikati ya ukumbi, zikibeba dari la matao. Kati ya nguzo ipo bima, yaani jukwaa la kusomea Torati. Hivyo waliosali walilizunguka Neno. Halikuwekwa mbali nao. Mlutheri yeyote angepaswa kulielewa jengo la namna hiyo. Altdorfer ameuchora mwanga na kivuli kwa uangalifu mkubwa, lakini ukumbi ni mtupu. Katika picha ya pili, ya ukumbi wa kuingilia, wamo watu wawili tu, mmoja amebeba kitabu.

Kasoro haimo katika mchoro, bali katika maandishi yaliyomo juu ya picha ya kwanza. Yanasema kwamba sinagogi lilibomolewa kwa hukumu ya haki ya Mungu. Sivyo. Lilibomolewa kwa azimio la baraza, na mwandishi alikuwa mjumbe wake. Jicho lilishuhudia kweli. Maneno yakamsingizia Mungu.

Nasi tusijitenge na jambo hili. Katika eneo la mtaa ule uliobomolewa palijengwa kanisa la hija ya Maria. Mwaka 1520 Luther aliishutumu hija hiyo katika waraka wake kwa wakuu wa Ujerumani, lakini humo hakuwataja waliofukuzwa. Mwaka 1542 kanisa hilo likawa la Kilutheri, na mwaka 1543 Luther mwenyewe akaandika kwamba masinagogi yachomwe moto.

Uchimbaji ulioanza mwaka 1995 ulifichua misingi ya sinagogi. Tangu mwaka 2005 ramani yake imechorwa hapo kwa zege nyeupe, kazi ya Dani Karavan, na wapita njia huketi juu yake.

Basi sisi tunaohubiri tujihoji: ni mara ngapi tumeliita azimio letu hukumu ya Mungu?