'Mlipuko' wa nyota: Neno linaloua kilicho hai

MAJUZI mwanafunzi wangu mmoja aliniletea insha kuhusu nyota iitwayo Proxima Centauri. Aliandika kuwa 'kibete nyekundu' hiyo 'ililipuka' mnamo Mei 2019. Nilipomuuliza kilichobaki baada ya mlipuko, alijibu bila kusita: "Majivu tu, Mwalimu."

Upatanisho nilimsahihishia kwa kalamu: kibete chekundu, vibete vyekundu. Hilo la pili halikuwa kosa lake. Neno 'mlipuko' alilitoa katika taarifa ya Kiswahili, akalielewa jinsi lilivyo. Mtungi wa gesi ukilipuka, huna mtungi tena.

Hebu tutazame kilichotokea. Proxima ni nyota ndogo, isiyo na joto jingi kama Jua, iliyo umbali wa takriban miaka 4.2 ya mwanga. Siku ile mwanga wake wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, uliongezeka zaidi ya mara 14,000 kwa sekunde chache, kisha ukafifia. Nyota yenyewe ingalipo.

Ushahidi umo katika spektroskopia. Wanaastronomia huupitisha mwanga wa nyota katika chombo kinachoutawanya kama upinde wa mvua, na kila elementi huonyesha mistari yake mahsusi. Nguvu za sumaku za kibete chekundu zinapofyatuka, gesi ya angahewa yake hupata joto ghafla. Mistari ya haidrojeni hung'aa na kupanuka. Baada ya dakika au saa kadhaa, hurejea ilivyokuwa. Nyota kubwa inapolipuka kikweli, mistari huonyesha gesi ikitimua mbio maelfu ya kilomita kwa sekunde, wala hakuna kurejea. Hapo ndipo 'mlipuko' mahali pake.

Je, tutumie neno gani basi? Wapo watakaosema 'mwako', lakini hilo huleta picha ya kuni jikoni, na nyota haichomi kuni. 'Mwali' nalo linavutia, ila tutaishia kuandika kuhusu miali inayotoa miali! Mimi naonelea 'mmweko', kutokana na kitenzi 'mweka', jinsi umeme umwekavyo mawinguni. Nakiri lina dosari: umeme hutoweka mara moja, ilhali nyota hufifia polepole. Hata hivyo, heri dosari hiyo kuliko kuizika nyota iliyo hai.

Msiseme eti ni ubishi wa walimu wa lugha tu. Mnamo 2016 iligunduliwa sayari inayoizunguka Proxima, kwa umbali ambao maji yangeweza kuwa kimiminika. Swali kubwa ni iwapo mimweko hiyo imeibambua angahewa ya sayari hiyo, kama iliwahi kuwa nayo. Swali hilo atalijali vipi kijana aliyekwisha kuambiwa, kwa Kiswahili chetu wenyewe, kwamba nyota imegeuka majivu?